Nyumba Iliyoombwa Isipige Nduru

Gari lilikuwa limepita Magunga na kuanza kuteremka kuelekea ziwani. Dereva akakuta mbuzi wamelala katikati ya barabara, akainua kiganja apige honi. Kabla hakijashuka, mwanamke aliyeketi nyuma yake alikuwa ameshamshika bega.

"Usipige. Nakuomba, ngoja watoke wenyewe."

"Mama, hii ni honi, si bunduki."

"Kwa huyu mtoto ni bunduki."

Msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa amelala, kichwa kwenye paja la mama yake. Dereva alimtazama kwa kioo, akashuka kuwafukuza mbuzi kwa mikono, akinung'unika kwamba siku hizi abiria ndio wenye leseni. Abiria wa tatu, mgeni ambaye hakuwahi kufika Sindo walikokuwa wakienda, aliuliza mtoto ana nini. Mama yake, Emmaculate, alikuwa amelijibu swali hilo kwa miezi minane bila kujua jibu. Sasa alikuwa nalo, limeandikwa, ndani ya bahasha aliyoikalia ili isipeperuke.

"Moyo," alisema. "Umeme wa moyo."

Mgeni alikuwa anatafuta chumba cha juma moja. Emmaculate akamwambia kwao kuna nyumba ndogo isiyo na mtu, kama hachukii kulala karibu na mgonjwa. Ndivyo mgeni alivyoingia katika boma la Mzee Maranga, baba mkwe wa Emmaculate.

Emmaculate mwenyewe aliingia humo miaka kumi na minne iliyopita, akitokea Suna, Migori. Kwa hiyo hakuna pale anayemwita kwa jina lake. Ni nyar Suna, binti wa Suna, na atabaki hivyo hata azeeke. Kazi yake ni omena, dagaa wa ziwani. Huwanunua ufuoni wakiwa bado wanang'aa, huwatandaza juu ya nyavu kuukuu, huwageuza, huwakusanya kabla ya mvua. Ana mikono mikavu yenye harufu isiyotoka kwa sabuni yoyote, na desturi ya kutazama mawingu hata akiwa kanisani.

Mumewe, Frankline, alikufa miaka mitatu iliyopita akiwa na afya ya punda. Alfajiri moja bibi yake mzaa baba alikata roho katika nyumba ya jirani. Akifa mtu mzima kwa Wajaluo, hatumwi mjumbe kubisha hodi. Mwanamke mkubwa wa nyumba, yaani mikayi, mke wa kwanza, hutoka mlangoni na kupiga nduru: ukelele mmoja mrefu unaokipasua kijiji usingizini, kisha wanawake wengine huudaka na kuupeleka mbele. Asubuhi ile aliyepiga nduru alikuwa Filister, mama yake Frankline. Frankline aliketi kitandani ghafla, akasema, "Nini?", akaanguka ubavuni pa mkewe. Hakuamka tena. Waombolezaji walisema bibi alimpenda sana mjukuu wake, amerudi kumchukua.

Hilo halikuwa jipya katika boma lile. Miaka mingi nyuma Sheila, dada yake Frankline, alikwenda vivyo hivyo akiwa na miaka kumi na sita, asubuhi ambayo Filister alipiga nduru ya kifo cha ami yao. Nyumba hii, watu walisema, maiti wake hawapendi kusafiri peke yao.

Kisha mwezi wa pili mwaka huu Marion, binti yake Frankline, alianguka shuleni. Alikuwa amesinzia juu ya dawati lililo karibu na dirisha, na nje ya dirisha hilo huning'inia ringi ya gurudumu inayogongwa kwa chuma kuwa kengele. Macho yalimgeuka, akatikisika, akazinduka baada ya dakika moja, hakumbuki kitu. Walimu walisema ni ndulme, kifafa. Akapewa vidonge vya kifafa, akaanguka tena. Hatimaye Emmaculate alimpeleka kwao Migori. Katika kliniki moja ya Suna, Daktari Gesare alimbandika nyaya kifuani, akatazama karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaitazama tena akiwa amesimama. Hakuuliza habari za kifafa.

"Nani amekufa katika familia ya baba yake bila kuugua?"

Emmaculate akawataja wawili.

"Walikuwa wamelala? Kulikuwa na kelele?"

Emmaculate akamweleza asubuhi zote mbili, na nduru.

Damu ikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi, Daktari Gesare alimweleza pole pole. Moyo hupiga kwa umeme, na umeme huo hauna waya. Ni chumvi zinazoingia na kutoka katika kila seli ya moyo kupitia vijilango vidogo mno. Chumvi moja ikiingia, seli inajikaza, na hilo ndilo pigo. Potasiamu ikitoka, seli inapumzika, tayari kwa pigo linalofuata. Vijilango hivyo ni protini, na protini ni mkufu wa vipande vingi. Katika mlango mmoja wa potasiamu wa Marion, kipande kimoja kati ya zaidi ya elfu moja kimebadilika. Mkufu unajikunja vibaya. Seli inauona kama bidhaa mbovu na kuuharibu kabla haujafika mahali pake. Milango inabaki michache, potasiamu inatoka kwa kuchelewa, seli inachelewa kupumzika. Siku nyingi haidhuru. Lakini kelele ya ghafla, hasa kwa aliyelala, huumwagia mwili hofu, na pigo jipya linaukuta moyo haujawa tayari. Unapoteza mwendo, unatetemeka tu, damu haiendi popote. Mara nyingine unajirudi wenyewe. Mara nyingine haurudi.

Emmaculate alifikiri kidogo. "Ni kama kumwaga omena wabichi juu ya nyavu kabla hujaondoa wa jana," alisema. "Wote wanaoza."

"Ndiyo," daktari alisema. "Ni hivyo hasa."

Alimpa vidonge vya kutuliza moyo, orodha ya dawa za malaria na za kifua ambazo Marion asipewe kamwe, na onyo: vidonge vinasaidia, havimalizi hatari. Kisha akaongeza jambo ambalo Emmaculate alilibeba kutoka Migori hadi Sindo kama yai mdomoni. Kasoro hii hurithiwa. Frankline aliipata kwa mmoja wa wazazi wake. Wazee wote wawili wapimwe.

Nyumbani, Mzee Maranga alikuwa anakufa. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeingia mifupani, naye hakuwa akila chochote ila uji wa vijiko viwili. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa lugha ya adabu. Kila mtu bomani alijua kinachongojwa, na Emmaculate peke yake alijua kinachoweza kukifuata.

Alisubiri siku mbili. Siku ya tatu mchana, Filister akichambua mboga ya osuga, naye Clifford, nduguye Frankline, akiwa ameketi juu ya jeneta anayokodisha kwenye matanga, Emmaculate alitoa bahasha na kuwasomea. Akamaliza kwa ombi moja: Mzee akienda, nyumba isipige nduru. Watu waambiwe kwa simu, na kilio kianze Marion akiwa ameshaamshwa na kupelekwa mbali.

Clifford ndiye aliyejibu kwanza. "Shemeji, hiyo ni rahisi. Tunamziba masikio na pamba. Au nimpe hedifoni zangu za kazi, hata bomu hasikii."

"Atalala nazo kila usiku mpaka lini?"

"Mpaka mzee aamue. Na unavyomjua, hata kufa atachelewa makusudi." Akacheka peke yake. Mama yake alikuwa ameacha kuchambua.

"Soma tena pale pa wazazi," Filister alisema.

Emmaculate akasoma.

"Kwa hiyo ni mimi au ni Maranga tuliyewapa watoto huo ugonjwa."

"Mama, hakuna aliyeutoa kwa kupenda. Ni damu tu."

"Na nduru ndiyo iliyowaangusha."

Emmaculate aliikunja karatasi.

"Nyar Suna, ya Sheila nani alipiga?" Sauti ya Filister ilikuwa ndogo. "Na ya Frankline? Sema. Umesoma, sema."

"Mama, sikuja kusema hivyo."

"Karatasi imesema. Inasema nilisimama mlangoni pangu mara mbili nikawaua watoto wangu kwa mdomo wangu." Alishika tena mboga, akaanza kung'oa majani hata mabovu, akiyatia yote sufuriani. "Waliitwa. Sheila aliitwa, Frankline aliitwa. Ndivyo ilivyokuwa. Na Maranga hatakufa kama mbwa wa ufuoni, watu wakipata habari zake kwenye simu. Nimekaa naye miaka hamsini na moja. Nitamlilia."

Clifford alitazama jeneta yake. Hakuna aliyemwunga mkono Emmaculate, naye hakushangaa. Alielewa, pengine kuliko mtu yeyote pale, alichomwomba yule mama: akikubali kunyamaza kwa ajili ya Marion, amekubali kwamba kunyamaza kungewaokoa wale wawili.

Ilibaki njia moja. Aondoke na mtoto kabla kifo hakijafika. Lakini mkwe, tena mjane, anayeiacha nyumba wakati baba wa mji yu katika kukata roho, ameondoka kweli. Kuondoka huko hakutasahauliwa kaburini, wala katika mgao wa shamba, wala siku Marion atakapotafuta watu wa kumwita wake. Na Mzee Maranga alimpenda. Ndiye aliyezuia asirithiwe kwa nguvu baada ya Frankline kufa. Emmaculate alikwenda kuketi karibu naye jioni ile, akamlowanisha midomo kwa pamba. Mzee hakumtambua, au alimtambua na hakuwa na nguvu ya kuonyesha.

Asubuhi, jua lilikuwa bado halijaufikia ua. Emmaculate alikuwa bado hajakata shauri. Alikuwa amefunga mizigo na kuifungua mara mbili. Filister alitokea mlangoni pa nyumba kubwa, leso imefungwa kiunoni kwa nguvu, uso kama ukuta.

"Kama unakwenda, nenda," alisema. "Usiendelee kuzungukazunguka hapa."

"Mama, nilikuwa nafikiri ningojee kidogo, nimwone Mzee."

"Amelala. Usimwamshe. Nenda."

Maneno hayo yalimchoma. Alitegemea walau waagane. Alimwamsha Marion kwa kumpapasa mguu, kama anavyomwamsha sasa kila siku. Clifford aliitwa, akaleta pikipiki ya rafiki yake, akafunga mifuko bila mzaha hata mmoja. Marion alitaka kumuaga bibi yake, lakini bibi alikwisha rudi ndani. Emmaculate aliinua mkono kwa mgeni, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ndogo na kikombe cha chai, kisha Clifford akaiendesha pikipiki kutoka langoni. Emmaculate alikuwa analia, na upepo wa barabarani ulimpa sababu.

Mgeni alibaki na ua mtupu. Baada ya muda Filister alitoka, akaja mpaka kwenye nyumba ndogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wamefika wapi sasa?"

"Labda wameacha soko la Sindo tu, mama."

Akarudi. Akatoka tena. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso.

"Sasa?"

"Wanakaribia Magunga."

Mlango wa nyumba kubwa ulikuwa wazi nyuma yake. Mgeni aliona kitanda, na shuka lililovutwa hadi juu ya uso wa Mzee Maranga. Maji ya kuoshea maiti yalikuwa yameshaletwa, yamepoa ndani ya beseni. Alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Filister alingoja mara moja zaidi. Clifford alipiga simu kusema wamevuka Magunga, mtoto hana neno. Mama yake alikwenda kusimama mlangoni pake, akaiondoa leso mdomoni, na sauti ikakataa kutoka. Ilimbidi ajaribu mara mbili.