Kinyozi Aliyesoma Macho

Kinyozi huyu watu walimwita Mzee Wembe, ingawa wembe wenyewe aliuacha zamani zilipoingia mashine. Jina la utani ni kama kupe, likishika limeshika. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la wanaosubiri. Wengine wa benchi hawakuja kunyolewa, walikuja kusikia ya watu. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuamini. Ungemwambia kuku wako katoa mayai ya rangi mbili, angeuliza umelila lipi kwanza.

Basi binti yake, muuza dawa wa duka la jirani, ndiye aliyemwekea podikasti kwenye simu ili apumzike kutokana na matangazo ya redio. Ilikuwa ya mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, anayechambua tabia zetu za kila siku: kwa nini mtu akiulizwa hujikuna, kwa nini mgeni huaga halafu asiondoke. Mzee Wembe alichomeka kidude sikio moja, la pili akawaachia wateja, akawa anacheka peke yake. Mpaka siku mama yule alipofika kwenye macho.

"Kaeni uso kwa uso," alisema. "Mwenzako akikumbuka jambo la kweli, macho humkimbilia upande wa mkono wako wa kulia. Akitunga, hukimbilia kushoto kwako. Wako wanaosema hivyo, na wako wanaopinga." Hilo la mwisho mashine ilinguruma juu yake, Mzee hakulipata.

Mkono wa kulia ulishika mkasi, wa kushoto chanuo. Kweli ikawa ya mkasi, uongo wa chanuo. Na nani aliye na bahati kama kinyozi? Mtu umemfunga kitambaa shingoni, kichwa umekishika, kilichobaki huru ni macho tu. Tangu hapo amani ikahama kibandani. Muuza nyama alisema nyama yake ni ya leo, macho yakaenda kwenye chanuo, Mzee akaacha kununua kwake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alisema ngazi aliyoazima iko kwa seremala inatengenezwa. Mkasi. Akaaminiwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini zile za benchi lile Mzee Wembe alianza kuzifagia kwa jicho la pembe.

Ndipo akaja fundi friji, aliyemposa binti. Wazee wa pande zote walikwisha kuelewana, lililobaki ni neno la baba, Jumapili. Mzee akamwita anyolewe bure.

"Kijana, huko ulikofanya kazi zamani, hukuacha mtu?"

"Mtu gani, Mzee?"

"Mke. Mtoto. Mtu wa kukulilia."

Macho ya kijana kwenye kioo yakaenda kwenye chanuo. "Sikuacha mtu, Mzee. Niliacha friji mbili za watu hazijapoa."

Benchi likacheka. Mzee hakucheka. Huyu anatia pilipili kwenye mboga iliyochacha, aliwaza.

Jioni akamwambia mkewe posa irudi.

"Kwa kosa gani?"

"Macho yake."

"Yana makengeza?"

"Yana mke."

Binti aliyasikia akiwa jikoni. Hakulia. Asubuhi, wateja hawajafika, alikuja kibandani akakaa kwenye kiti. "Baba, simama unaposimama siku zote." Akanyanyua mkono wa kulia. Kwenye kioo mkono ukapanda upande wa mkasi. Mkono ukiwa bado juu, akakizungusha kiti wakatazamana. Sasa ulikuwa upande wa chanuo.

"Mama wa simu kasema uso kwa uso," alisema binti. "Wewe unasimama mgongoni mwa mtu unasoma kioo. Uliyemwona anatunga ndiye aliyekuwa anakumbuka."

Mzee Wembe akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwa amekaa kwa siku nyingi. "Basi muuza nyama ni mkweli."

"Inaelekea."

"Na ngazi yangu haiko kwa seremala."

"Baba, mimi naolewa au siolewi?"

"Kwanza mwite. Safari hii atanitazama mimi."

Fundi friji akaja na mfuko wake wa bisibisi, wakakaa magoti kwa magoti. Mzee akauliza lile lile, kama aliacha mtu. "Sikuacha mtu, Mzee," kijana akajibu, macho yamemganda usoni kama misumari. Hayakwenda kwa mkasi wala kwa chanuo.

"Mbona huyasogezi?"

"Niliambiwa yana mke. Nayazuia asitoke."

Binti aliyekuwa mlangoni akageuka upande, mabega yakimtikisika. Mzee akaguna. Akamtazama kijana, akamtazama binti, akakitazama na kioo, na katika hao watatu hakuona wa kumwamini sawasawa.

"Haya, nimekubali," alisema. "Lakini kichwa hiki hakinyolewi kwingine maisha yako yote."

"Hata nikiota kipara?"

"Utakuja nikipanguse."

Kisha akakung'uta kitambaa, akamfunga mkwewe shingoni, akakikaza zaidi kidogo kuliko kawaida.