Mifuko ya Mchanga Siku ya Posa Yangu

Mwanangu, juzi nilikusikia ukilalamika kwamba tangu uanze kazi ya barabara hapa Doha unabebeshwa mifuko ya mchanga tu, uipange kwenye midomo ya mitaro, na mvua yenyewe hakuna. Hebu kaa. Naikumbuka siku ya posa yangu.

Nilikuwa nakaa Abu Hamour na wasichana wenzangu wa Kenya, na mtaa mzima ulikuwa umechimbuliwa. Hamisi, huyo huyo anayejifanya amelala hapo kwenye kochi, alikuwa kibarua wa barabara hiyo. Baba mdogo wangu, mlinzi kule Lusail, ndiye aliyekuwa wa kumkubali au kumkataa. Nami nilimtaka Hamisi, sifichi.

Tukaazima hema, tukalisimamisha uani karibu na lango. Upepo ukawa unalinyanyua. Hamisi akaangaza macho, akaiona mifuko aliyoipanga kwa mikono yake kuuzunguka mtaro wa nje, ili lundo la udongo wa barabara lisiingie humo. Nikamuuliza, na mvua je? Akacheka, eti jangwani mvua itoke wapi. Akaibeba yote kwenda kukandamizia hema. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu alituliza hema akauacha mtaro bila kinga.

Baba mdogo ndio kwanza amepakuliwa pilau, mbingu zikafunguka. Mvua ya hapa huadimika, lakini ikija huja na ndugu zake wote. Udongo ukaporomokea mtaroni, mtaro ukaziba, maji yakageukia lango letu. Kiatu cha baba mdogo alichokivua mlangoni kikapita mbele yake kinaelea, naye sahani mkononi. Nikajua posa imekwenda na maji. Nikalia.

Hamisi akavua koti la kuazima, akairudisha mifuko mmoja mmoja, hema likatuangukia sote. Akazibua mtaro kwa bakuli la kachumbari.

Baba mdogo akachomoza kichwa chini ya turubai. "Kijana, ulijua mifuko ile inazuia nini?"

"Nilijua, baba."

"Basi kosa lako si ujinga, ni dharau. Ujinga sina dawa yake, ningekukataa. Dharau mvua imeshaitibu."

Kisha akaomba aongezewe pilau.

Kwa hiyo ipange mifuko yako, mwanangu, hata jua likikucheka, na usiondoe kizuizi kwa kuwa leo hakina kazi. Hujui ndani ya lango la jirani nani anaposwa. Mungu akujalie mvua za heri na mitaro iliyo wazi, na siku yako ya posa ikifika, wakwe zako wale pakavu.