Mguu wa Kushoto wa Mjomba Aron

Wewe ni mwanamume, au unaendesha otomatiki?

Usinikasirikie. Swali si langu. Ni la mjomba wangu Aron, kaka ya mama, dereva mstaafu wa lori la majani chai. Amewauliza watu swali hilo kwa miaka thelathini na moja, kutoka Kimulot hadi Bomet mjini, bila kujali kama anayeulizwa ni mwalimu, chifu au mchungaji. Mchungaji mmoja alijitetea kwamba gari si lake, ni la kanisa. Mjomba akamwambia basi kanisa lina shida.

Kwa wale ambao Mungu amewabariki kwa kutokuwa na gari, nieleze kidogo. Otomatiki ni gari linalojibadilishia gia lenyewe. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki, na wa kushoto unakaa tu kama mheshimiwa aliyechaguliwa. Gari la gia za mkono lina pedali ya tatu, klachi, na kila ukibadilisha gia lazima mguu wa kushoto ushuke hadi chini. Tofauti ni hiyo tu. Lakini kwetu sisi watu wa chai, jambo dogo likipata wazee wa kutosha linakuwa suala la utu wa binadamu.

Mjomba alipewa lori la kiwanda akiwa na miaka ishirini na tisa. Kazi ilikuwa kupita kwenye vituo vya kununulia majani, kupakia magunia, na kuyafikisha kiwandani kabla hayajapata joto yakaharibika. Barabara, naiita hivyo kwa heshima ya wale wanaoitengea bajeti kila mwaka, ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka sabuni. Kwenye sabuni ile breki haikusaidii. Ukiikanyaga tu, unaingia kuchuma chai na lori lako. Kinachokushika ni gia: unashuka nayo ya kwanza, polepole, mguu wa kushoto ukipanda na kushuka siku nzima, gunia juu ya gunia, mwaka juu ya mwaka. Mjomba hakuwahi kuangusha lori. Hata kikapu hakuwahi kuangusha.

Kwenye kona iliyo chini ya kituo chetu alikuwa akitoka gia ya tatu na kuingia ya pili kwa mkanyago mmoja, na injini ikatoa mlio ambao kila mwanamke shambani aliujua. Wakiusikia, walifunga mashuka yao kiunoni na kubeba vikapu. Hawakuhitaji saa. Siku moja aliugua malaria na lori likaendeshwa na mtu mwingine. Wanawake walibaki shambani wakisubiri mlio, lori likaja na kuondoka, na majani ya siku ile yakalala. Mpaka leo analaumiwa yule dereva mgeni kwa kubadilisha gia kimyakimya kama mwizi.

Sasa mtu kama huyo akistaafu, anunue nini? Mimi nilikuwa na jibu, kwa sababu nimesoma maendeleo ya jamii chuoni miaka mitatu na huko tulifundishwa kuwa na majibu. Nilimwambia anunue pikapu. Tungebeba maziwa ya kijiji kizima, tungepeleka wajawazito hospitalini, maana ambulensi ya kwetu ni picha iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Nilimwandikia mpango wa kurasa nne.

Mjomba alizisoma zote. Kisha akavua miwani.

"Nimebeba majani ya watu miaka thelathini na moja," akasema. "Sasa nataka gari ambayo haiwezi kubeba kitu."

Alitaka gari la mbio. Zamani, akipanda mlima wa Litein na mzigo, gari dogo jekundu lililolala chini kama kobe lilimpita likaishia mbele kabla hajamaliza kulitukana. Tangu siku hiyo alijiahidi. Amesomesha watoto watano, amejenga nyumba ya matofali, amenunua ng'ombe wa gredi. Aliyoahidiwa na wanasiasa hayakutimia hata moja, kwa hiyo nadhani alikuwa na haki ya kutimiziwa ahadi moja aliyojiahidi mwenyewe.

Na bahati ilikuwapo. Ratemo, Mkisii mwenye yadi ya magari Kericho mjini, alikuwa ameleta kutoka Japani magari mawili pacha ya mbio, yaliyotumika kidogo. Jekundu lilikuwa la gia za mkono. Jeupe lilikuwa otomatiki. Mengine yote sawa, hata bei.

Tatizo lilikuwa moja, na wanadamu watatu tu ndio waliolijua: daktari, mjomba, na mimi niliyempeleka. Goti lake la kushoto limeisha. Daktari alituonyesha picha, akauliza mzee alikuwa akifanya kazi gani, akajibiwa, akatikisa kichwa. "Klachi basi, mzee. Ukiendelea, utatembea na fimbo mbili." Tukiwa njiani kurudi mjomba alinishika mkono. "Weiri," akaniambia, jinsi anavyoita kijana yeyote, "hiyo maneno inabaki hapa." Nimewahi kupaza sauti mbele ya polisi wenye rungu, lakini mbele ya mjomba wangu nilinyamaza.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi kwa mtu yeyote mwenye akili. Akichukua jeupe, ataendesha mpaka azeeke. Akichukua jekundu, ndoto yake itaegeshwa uani na kuku watalalia ndani. Lakini akichukua jeupe, lile swali la miaka thelathini na moja litageuka na kumuuliza yeye.

Angeweza kwenda mjini peke yake, achague, arudi. Hapana. Kwetu mtu hanunui kitu kikubwa kuliko ndama bila watu wa rika lake kuketi. Wakiketi, wanakuwa kamati. Kamati ikizaliwa, inataka mwenyekiti, katibu, maombi ya kufungua, chai, maziwa ya mursik na maombi ya kufunga. Wakaja wanaume sita Ijumaa alasiri, wakajaza sebule. Mwenyekiti alikuwa Weldon, mkulima, aliyetahiriwa mwaka mmoja na mjomba. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu nina diploma na kalamu.

Weldon alifungua kikao. "Tuko hapa kwa sababu ya gia."

"Hapo hakuna kikao," mmoja akasema. "Ni Aron huyu. Mtu wa klachi. Tunajadili nini?"

"Tunajadili ndiyo iandikwe," Weldon akamjibu. "Otomatiki ni ya wagonjwa na wanawake."

Owino akacheka. Owino alitoka upande wa ziwa miaka ishirini iliyopita, ni fundi wa malori pale kiwandani, na ndiye aliyekuwa akimfungulia mjomba sanduku la gia likigoma. "Mwenyekiti, kwani bibi yako hajui kuendesha ya gia? Nimemwona na trekta."

"Bibi yangu ni mwanaume!" Weldon akasema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Kisha akasimama akatoa hotuba. Alisema mashine ikianza kufanya kazi ya mguu, kesho itafanya ya mkono, kesho kutwa ya kichwa, na binadamu atabaki mzigo ndani ya gari lake mwenyewe. Wakampigia makofi. Mimi nikauma kalamu. Mashamba makubwa yalipoleta mashine za kuchuma chai na wanawake wakaambiwa wakae nyumbani, nilizunguka na karatasi nikiwaomba hawa hawa watie sahihi ya kupinga. Wote sita walikuwa na mazishi siku ileile. Sijui ni nani aliyekufa, lakini alikuwa mtu mkubwa sana. Mikono elfu moja ya wanawake haikupata hata sahihi moja. Mguu mmoja wa dereva mstaafu ulipata kamati.

Nikanyoosha mkono. "Wazee, pengine tungemuuliza mwenye gari mwili wake unasemaje. Umri nao…"

"Katibu," Weldon akanikata, "una gari?"

"Sina."

"Una pikipiki?"

"Sina."

"Baiskeli?"

"Sina."

"Andika."

Nikaandika. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda. Aliwaambia wazee ni baridi. Nilimkodolea macho mpaka yakaniuma: sema, mjomba, sema sasa. Maneno matatu tu, na hakuna mtu ambaye angekufa.

"Aron, toa neno," Weldon akamwambia.

"Mnanijua," mjomba akasema.

Basi. Ikapita bila kupingwa: gari jekundu. Ikaongezwa kwamba kamati yote iende Kericho kesho asubuhi kushuhudia. Owino pekee hakupiga makofi. Alikuwa akitazama kigoda.

Nilipopeleka vikombe jikoni nilimkuta Janeffer, mke wa mjomba, akichemsha maji ya chumvi.

"Mmemaliza kumnunulia mzee wangu fimbo?" akaniuliza.

"Mama, unajua?"

"Mimi ndiye nakanda hiyo goti kila usiku. Ananiambia ni baridi, na mimi namjibu kweli ni baridi. Miaka mingapi nimekaa na yeye?" Akamimina maji kwenye beseni. "Kesho nami naenda."

Kesho yake saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye yadi ya Ratemo. Wazee walivaa makoti. Janeffer alivaa nguo ya kanisani na kiatu cha kisigino, akasimama pembeni akishika mkoba kwa mikono miwili. Yale magari pacha yalikuwa yameoshwa, jekundu mbele.

"Karibuni, wazee wangu! Hii nyekundu ni simba," Ratemo akasema. "Klachi nimeweka mpya juzi."

Mjomba akaingia, na kuingia kwenyewe kulikuwa kazi, maana kiti kiko karibu na ardhi. Akawasha. Akakanyaga klachi. Nilimtazama usoni na sikuona kitu, ila mkono wake ulifinya usukani mpaka mishipa ikasimama. Gari likaondoka vizuri, laini kama maji, likazunguka yadi, gia ya kwanza, ya pili. Wazee wakapiga mluzi. Akafika getini. Lori la mchanga lilikuwa likipita barabarani, ikabidi asimame. Gari likaruka mara moja kama mbuzi, likazimika.

Tukasubiri awashe. Hakuwasha.

Dakika moja ilipita. Weldon akaanza kwenda, lakini Owino akamtangulia, akachuchumaa kwenye dirisha la dereva. Hatukusikia waliyozungumza. Niliona mjomba akitikisa kichwa mara moja, Owino akimwekea mkono begani. Kisha Owino akainuka, akafungua boneti, akachungulia ndani kwa muda mrefu, akapangusa mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

"Klachi imekufa," akatangaza.

Ratemo alikuja mbio. "Imekufa aje? Nimekuambia ni mpya!"

"Ratemo, ndugu yangu, mimi nimefungua klachi kabla uote ndevu. Hii imekufa. Aron akiipeleka kwa milima yetu, itamwacha Litein."

"Leta fundi mwingine aangalie!"

"Unataka kuuza gari moja ama hutaki kuuza?"

Ratemo alimtazama Owino, akamtazama mjomba ambaye alikuwa bado ameketi, akamtazama Janeffer. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. "Sasa mkisema hivyo," akasema polepole, "kweli hata mimi nilisikia kitu."

Wazee wakazunguka gari. Mmoja akasema alinusa moshi. Mwingine akasema magari mekundu yana hila. Weldon alikohoa, akanigeukia, akaamuru niandike kwamba kamati, baada ya uchunguzi wa kitaalamu, imemshauri ndugu Aron kukubali lile jeupe kwa shingo upande. Niliandika neno kwa neno. Ni uongo mtupu, una sahihi sita, na katika maisha yangu ya kupigania ukweli sijawahi kuandika kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Mjomba akatoka kwenye jekundu kwa kujivuta, akaingia kwenye jeupe, Ratemo akakaa kando yake kumwelekeza. Hatua kumi za kwanza zilikwenda salama. Halafu mguu wake wa kushoto, mtumishi mwaminifu wa miaka thelathini na moja, ukatafuta klachi kwa nguvu zake zote, ukaikuta breki. Gari likasimama papo hapo. Ratemo alikaribia kula kioo. Wakaanza tena, na mguu ukafanya vilevile. Ratemo akatoka akishika paji la uso, akasema somo limekwisha.

Hapo ndipo Janeffer alipokwenda. Akafungua mlango wa dereva, akainama na nguo yake ya kanisani, akafungua kamba za kiatu cha kushoto cha mumewe na kukivua. Akakikunja kidole gumba cha mguu ule kwa upole. "Wewe," akauambia mguu, si mtu, "umestaafu. Kaa." Akazunguka na kiatu mkononi, akaketi kwenye kiti cha abiria, akakipakata juu ya mkoba.

Kamati nayo ikasogea, kila mzee akitafuta mlango wake. Wakazunguka mara moja. Wakazunguka mara ya pili.

"Aron," Weldon akasema, "sisi tunaingilia wapi?"

Viti vilikuwa viwili. Wanaume sita, kikao kizima, maombi mawili, kurasa tatu za kumbukumbu, na hakuna aliyeuliza gari lina viti vingapi.

Mjomba hakumjibu. Alikuwa akitazama mbele, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi. Akaachilia breki. Gari likateleza bila mshtuko, likapita geti, likaingia kwenye lami. Janeffer akasema jambo, mjomba akacheka na kichwa kikaenda nyuma. Nyumbani ni mkono wa kushoto. Wakakata kulia, kuelekea Nakuru, ambako hatuna ndugu wala shamba.