Kaya Kadhaa za Misima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya wilaya Korogwe, Karani Mkuu alinikabidhi kamusi iliyokatika mgongo na kuniambia kwamba mfasiri hana maoni. Nilikuwa kijana wa Makuyuni. Uhuru ulikuwa bado mpya, na asubuhi zile ukungu ulishuka kutoka milimani ukalala juu ya mikonge, kana kwamba nchi nzima haijaamua kuamka. Nilifasiri nyaraka za Kiingereza, naye mpiga chapa akazikata kwenye stensili, karatasi ya nta ya kutolea nakala.

Kibainishi, yaani neno linaloonyesha ni vitu vipi au vingapi, kilichonisumbua kuliko vyote kilikuwa "several": zaidi ya viwili, lakini si vingi. "Baadhi" humega sehemu ya jumla inayojulikana, "chache" hupunguza, "kadhaa" huiacha idadi ikielea. Nililipima kila moja kama mtoa dawa.

Wakati wa Ujamaa nilihamishiwa Handeni. Ukaja waraka kwamba familia za Misima, "several", zihamie kijiji kipya kabla ya mvua. Niliandika "kaya kadhaa", kisha nikamuuliza Katibu Tarafa ni zipi. Alisema zitajulikana, mimi nifasiri tu.

Waraka ukasomwa mkutanoni. Juma lililofuata nilifika Misima kwa baiskeli, nikakuta nyumba zote zimeezuliwa. Jua lilipenya katika fito tupu likachora mistari sakafuni, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Bi Mwanahawa, mjane, aliketi juu ya mikeka iliyokunjwa. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini wameezua wote.

"Mwanangu, nikisema si mimi, nimemtaja jirani. Naye jirani akaona vivyo hivyo. Ungeleta majina, tungegombana na wewe peke yako."

Nilirudi Handeni siku ile ile na, kwa mara ya kwanza, nikatoa maoni: bila majina, mvua itawakuta wote nje. Katibu Tarafa alichukua kalamu, akaandika majina saba.

Kesho yake niliyasoma Misima, mbele ya watu wote. La kwanza lilikuwa la Bi Mwanahawa.

"Basi mimi nimekwishaezua," alisema, akanyanyuka. "Leteni nyasi tuwaezekee wanaobaki."

Mvua ilinyesha kabla hatujaezeka nusu ya nyumba.

Baada ya kustaafu nilisoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu vibainishi. Msimamizi aliniuliza kwa nini sura ya "kadhaa" haina mfano hata mmoja. Nilimjibu kwamba bado natafuta mfano usioezua nyumba za watu.