Saa Mbili za Shamimu

Mimi ndiye niliyeandika lile neno kwenye ratiba, kwa mkono wangu na kwa kalamu nene nyekundu, kwa hiyo anayetafuta wa kumlaumu aanze na mimi. Naitwa Debora. Nakaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu hapa Mikumi. Ratiba ya wafanyakazi ni kazi yangu. Naiandika kwenye karatasi kubwa, naibandika ukutani stoo, na kila mtu huisoma kabla hajashika ufagio.

Shamimu anafanya usafi wa vyumba. Kwao ni Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji cha huku huku wilayani Kilosa. Ni mwembamba, mwepesi, atakuwa amemaliza kutandika kitanda wewe bado unatafuta foronya. Ukimkosea ananyamaza, ukimwonea pia ananyamaza, na tabia hiyo inanikera kwa sababu watu humzoea vibaya. Mtoto wake wa kwanza alifariki kwa kuharisha akiwa na miezi minne, wiki chache baada ya kuanzishiwa uji. Pengine ni uji, pengine ni maji, nani ajuaye. Lakini tangu hapo Shamimu aliweka jambo moja kichwani: akijaliwa mwingine, mdomoni mwake hakitapita kitu ila ziwa mpaka atimize miezi sita. Aliniambia siku moja tukikunja shuka, na hakulirudia tena.

Nasra alizaliwa mwezi wa nne. Siku themanini na nne za likizo ya uzazi zikaisha, Shamimu akarudi kazini mwezi wa saba, wageni wa mbugani wakiwa wamejaa. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni. Mtoto anabaki na mama mkwe wake kwenye chumba walichopanga upande wa pili wa mji, dakika kumi kwa mtu anayekimbia.

Siku ile ya kwanza, kufika mchana gauni lake la kazi lilikuwa limelowa kifuani kote. Nilimkuta stoo akikamua kwenye beseni huku machozi yanamtoka.

"Dada Debora, hiki ndicho chakula cha mwanangu," alisema. "Angalia ninavyokimwaga."

Nikamwambia akamulie kwenye chupa safi tuiweke kwenye friji. Mpishi akaikuta katikati ya soda, akaimwaga kwenye sinki, akasema hawezi kupikia wageni kwenye jiko lenye maziwa ya mtu. Hata angeiacha, mama mkwe asingempa mtoto. Kwao maziwa yaliyolala nje ya ziwa hayanywewi.

Basi nikamtumia ujumbe mwenye nyumba. Mwalimu Simoni ni mstaafu, anaishi Kilosa mjini, huja kwetu kila baada ya miezi miwili. Alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini, na bado anatufundisha sisi. Ukitamka "masaa" mbele yake umekwisha. "Saa, Debora! Saa moja, saa kumi, saa mia. Hayo masaa umeyatoa wapi?" Siku hiyo alijibu upesi: "Shamimu aruhusiwe kunyonyesha saa 2 kila siku, kama sheria inavyosema. Asiombe mara ya pili."

Nilifurahi, nikajiona nimefanya la maana. Nikachukua kalamu yangu nyekundu: CHAI YA WAGENI SAA 1. VYUMBA SAA 3. KUFUA SHUKA SAA 5. Na chini yake: SHAMIMU KUNYONYESHA SAA 2.

Gerald, meneja wetu, akaisoma, akatazama saa ya ukutani. "Saa mbili asubuhi? Wageni wako mezani? Haya. Nusu saa inamtosha."

Wala sikushtuka. Katika nyumba ile sijapata kuona mfanyakazi akipewa muda mrefu wa jambo lolote, hata msiba. Kwamba ipo sheria nilikuwa nimesikia, inasemaje, sikujua. Nikadhani serikali ndiyo iliyoichagua saa mbili asubuhi, na serikali imeshachagua mambo ya ajabu kuliko hilo.

Sasa saa mbili asubuhi Nasra amelala. Ametoka kunyonya saa kumi na moja na nusu, ameshiba, anakoroma. Shamimu anakimbia hadi nyumbani, anamfinya nyayo, anampuliza usoni, anampangusa kwa kitambaa cha maji. Mtoto anavuta mara tatu, anasinzia. Muda umekwisha, mama anarudi mbio. Nasra anaamka saa nne analia njaa, na anayemtaka yuko chumba namba saba anasugua choo.

Mama mkwe si mtu mbaya. Alivumilia kilio wiki mbili, kisha akaanza kumpa maji, kisha uji mwepesi kwa kikombe, bila kusema. Shamimu aliujua uji kwa ukoko uliokauka shingoni mwa mtoto. Hakugombana na mkwewe. Alikwenda kwa Gerald, akaomba muda wake usogezwe mchana. Gerald akamjibu kwamba amri imetoka kwa bosi. Ndipo akaja kwangu, akasimama mbele ya meza ya mapokezi.

"Dada yangu, nibadilishie. Andika saa sita. Saa mbili hainisaidii, mtoto anakuwa amelala. Nakuomba, huyu naye ataondoka."

Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka neno kwa neno: "Mdogo wangu, hiyo ni sheria. Sheria siwezi kuifuta kwa kalamu."

Akaenda kufua shuka. Ningeweza kumpigia Mwalimu simu, dakika moja tu. Sikupiga. Niliogopa ataniona msumbufu.

Mwezi wa nane Nasra akaharisha siku sita. Shamimu alikuja kazini kila siku kati ya hizo sita, akawa anasafisha chumba huku anazungumza peke yake kwa sauti ya chini. Niliposogea nikasikia anasema, "Usiende, mama, usiende." Kliniki walimpima mtoto, uzito umeshuka chini ya ule wa mwezi uliopita. Nesi akamuuliza kama kazini wanampa muda wa kunyonyesha. "Wananipa saa mbili," akasema. "Basi hawajakunyima," nesi akajibu, akaandika kitu kwenye kadi, akamwita mwingine.

Kuharisha kulikoma. Lakini mwisho wa mwezi ule gauni la Shamimu likaanza kukaa kavu toka asubuhi hadi jioni. Wenzake wakampongeza kwamba sasa amezoea kazi. Yeye alikuwa akiingia stoo kila mchana na beseni lake, anakamua, anatoka na beseni halijalowa vizuri.

Mwalimu Simoni alikuja katikati ya mwezi wa tisa. Ilikuwa saa saba mchana, Shamimu anapiga deki ukumbini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mtoto hajambo? Leo umeshakwenda kunyonyesha?"

"Nimekwenda, Mwalimu. Saa mbili kamili nilitoka."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Mwalimu akakunja uso. "Nusu saa? Na saa nyingine moja na nusu unazichukua wakati gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha wageni. Nilielewa kabla ya wote. Alimaanisha masaa mawili. Masaa mawili kila siku, ayagawe anavyotaka, asubuhi, mchana, alasiri. Shamimu alinitazama mimi, si Mwalimu. Natamani angenitukana.

Mwalimu alifoka, akamwita Gerald, akaingia stoo akaing'oa ratiba ukutani. Kisha akasema, "Nenda sasa hivi, mwanangu. Zote mbili."

Nilimsindikiza. Sijui kwa nini, labda nilitaka kuona nimesamehewa. Safari hii hakukimbia. Nasra alikuwa macho, amekaa mapajani kwa bibi yake. Shamimu akaketi mkekani, akafungua gauni, akampakata. Mtoto akashika ziwa, akavuta, akavuta tena, akaliachia, akalia kwa hasira. Akarudishwa, akajipinda mgongo. Tukajaribu ziwa la pili. Nilimweleza alichoniambia jirani yangu ambaye ni nesi, kwamba maziwa hurudi mtoto akinyonya mara kwa mara.

"Anyonye nini?" Shamimu akaniuliza.

Nasra alikuwa ameuona uji kwenye kikombe kando ya bibi yake. Akanyoosha mikono yote miwili, na bibi akanitazama mimi kama anaomba ruhusa. Shamimu ndiye aliyekichukua kile kikombe. Akamnywesha mwenyewe, taratibu, akimfuta kidevu kila baada ya funda.

"Bado nina muda gani?" aliniuliza.

Nikamwambia bado saa moja na robo.