Kitu Kilichokuwa Kinapiga Tumboni kwa Babu

Jina langu nimeliacha nyumbani, maana Ujiji ni padogo na shangazi yangu husomewa ukurasa huu. Kosa ninaloliandika ni langu. Nimechoka kulibeba huku watu wakinisifu.

Babu yangu alikuwa anakamua mawese. Mashine yetu inazungushwa kwa mti mrefu, unausukuma huku unatembea kwa kuzunguka. Babu aliusukuma mwenyewe mpaka uzeeni, sigara mdomoni. Mimi nilimaliza darasa la saba nikabaki kumsaidia. Mbele za watu siongei. Kwa babu tu ndiyo nilikuwa naongea, kwa sababu babu na mjukuu ni watani.

Alipoanza kuumwa chini ya tumbo upande wa kushoto, maumivu yakishuka mpaka nyongani, kila mtu alisema ni ngiri. Kwetu ngiri inakandwa. Shangazi alipasha mawese akaniita mimi, kwa sababu mtoto hawezi kumshika baba yake chini ya kitovu. Mjukuu anaweza.

Nikakanda. Pale kushoto, ndani kabisa, vidole vyangu vikakuta kitu cha ukubwa wa limao. Kilikuwa kinapiga kama moyo. Nikatoa mkono.

"Babu, humu ndani kuna kitu kinapiga."

"Ni mimba," akasema. "Usimwambie shangazi yako, ataanza kushona nguo za mtoto."

"Basi ni mapacha, maana kinapiga kwa nguvu."

"Au ni saa yangu. Ikisimama ndiyo uite watu."

Tukacheka mpaka shangazi akauliza kuna nini. Tukamwambia hakuna.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kile kitu kikawa utani wetu. Kila nikimkanda nauliza, "Mtoto hajambo?" Babu anajibu, "Leo kapiga teke." Nami nabonyeza zaidi, nikidhani nakirudisha mahali pake. Babu alisema anapata nafuu. Nilijiona fundi.

Maumivu yakahamia mgongoni. Shangazi akakasirika, akatutoa nyumbani sote wawili kwenda hospitali. Tulikutana na daktari msichana, mgeni wa mkoa huu, mpole.

"Shikamoo mzee. Unaumwa nini?"

"Marahaba binti. Mgongo."

Akamuuliza kazi yake, babu akaeleza ile mashine. Akamwomba alale kitandani afungue msuli apime tumbo.

"Binti, wewe ni mjukuu wangu. Mgongo uko huku nyuma, tumbo la nini?"

Daktari akatabasamu, akamwomba tena. Babu akakataa, akashikilia msuli wake kwa mikono miwili. Ndipo yule daktari akanigeukia.

"Wewe kijana unaishi naye. Kuna kingine?"

Nikatazama ndala zangu. Maneno nilikuwa nayo. Lakini nilimwonea aibu yule dada, nikamwonea aibu babu, nikaona pia kwamba nikisema "kuna kitu kinapiga" itakuwa ni ule utani wetu wa mimba, nitaonekana mjinga mbele ya msomi. Nikajiambia huyu amesoma, kama kipo atakiona mwenyewe. Atakionaje na babu kafunga msuli?

"Hakuna," nikasema.

Tukarudi na dawa za maumivu. Nikaendelea kumkanda.

Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kupoa. Asubuhi moja vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mbali, vya baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Shangazi akasema karogwa. Mimi nikaukanda na mguu pia. Ulipozidi kuuma babu akalia, na sikuwahi kumwona akilia, ndipo tukampakia kwenye bajaji.

Safari hii alikuwa daktari mwingine, mtu mzima, na babu hakuwa na nguvu za kukataa. Daktari aliweka mkono tumboni, akasema apelekwe altrasaundi haraka.

Alitueleza polepole. Mshipa mkubwa wa damu unashuka katikati ya tumbo. Ukifika usawa wa kitovu unagawanyika, tawi moja kwa kila mguu. Tawi la kushoto la babu lilikuwa limelegea na kuvimba kama puto. Uzee, sigara na presha vinaweza kuleta hali hiyo. Puto likipasuka, damu inamwagikia ndani na mtu anaweza kufa pale pale. Na damu ikiganda humo, vipande vyake vinaweza kushuka kuziba mguu.

"Nani alikuwa anapakanda hapa?" akauliza. Mawese yalikuwa bado yanang'aa kwenye ngozi.

Nikatazama ndala tena.

"Nani anikande?" babu akasema. "Nilijipaka mwenyewe."

Alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa ya mbali, shangazi akaenda naye. Huko walimchoma dawa ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha. Wakasema kuna njia mbili: kupenyeza mrija kupitia kinenani mpaka kwenye uvimbe, au kupasua tumbo na kuweka mrija wa kitambaa maalumu badala ya kile kipande kibovu. Umbo la mshipa wake halikufaa njia ya kwanza. Wakapasua. Mshipa ukapona.

Mguu haukupona. Ulifika kwao umeshakufa. Wakaukata chini ya goti.

Aliporudi nilikwenda peke yangu kwa yule daktari wa pili. Nikamuuliza kama ni mikono yangu iliyoshusha ile damu iliyoganda.

"Kubonyeza kungeweza kuishusha," akasema. "Na ingeweza kushuka yenyewe. Sitakudanganya, sijui."

Hilo ndilo linaloniudhi. Angesema ndiyo, ningelia yaishe. Angesema hapana, ningelala.

Shangazi huwaambia wageni, "Huyu ndiye mtoto. Wenzake wako vijiweni Katonga wanacheza pool, yeye alikuwa anamkanda babu yake." Wageni wananishika bega. Mimi natoka nje kusukuma mashine.

Juzi nilimwambia babu kwamba nataka kumweleza shangazi ukweli.

"Atakupiga wewe, akimaliza atanipiga mimi," akasema. Nikacheka kidogo, yeye hakucheka. "Mimi nilimficha yule binti tumbo kwa aibu ya uzee. Wewe ulikuwa na aibu ya nini?"

Sasa hivi anataniana na kila anayepita barabarani. Mimi nikimletea maji ananiambia, "Asante, kijana." Zamani angesema nimeyachelewesha nikitongoza.

Shangazi, kama unasomewa haya, ni mimi. Nilikisikia tangu siku ya kwanza, na nikanyamaza.

Na wewe unayemkanda mzee wako: mkono ukikuta kitu kinapiga chini tumboni, usibonyeze. Toa mkono, mpeleke hospitali. Ukimtania mtanie, lakini daktari akikugeukia na kukuuliza kama kuna kingine, mtazame usoni umwambie kipo.