Sifuri za Goma

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kitu kilichonikasirisha kuliko vyote pale depo, mtaa uitwao Kenya hapa Lubumbashi, kilikuwa kompyuta. Ilikuwa kuukuu. Ukifungua jedwali la bidhaa kwa programu yake ya kawaida, unaweza kwenda sokoni kununua mkate, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri. Na umeme ukikatika katikati, kazi yote imekwenda na maji. Basi nikayahamishia majedwali kwenye dirisha jeusi ninaloandikia programu, nikaliongezea plagini, vile viprogramu vidogo vinavyolipa dirisha kazi ambayo halikutengenezewa. Moja ilipaka kila safu rangi yake. Nyingine ililinganisha jedwali la leo na la jana: kilichoongezeka kijani, kilichopungua chekundu.

Bosi wetu, mama mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, sote tulimwita Mama Patron. Dirisha langu hakulipenda. Na wiki ya kwanza lilinitia aibu kweli. Plagini ilitengenezwa na watu wanaotenganisha safu kwa mkato; sisi, kompyuta zetu ni za Kifaransa, mkato tunauandikia nusu. Magunia kumi na mawili na nusu ya mchele yakawa kumi na mawili, na ile nusu ikarukia safu ya sabuni. Mama Patron akamshukia dereva aliyeleta mchele kama mvua ya mawe, akidhani ameiba nusu gunia. Nilipoelewa kosa lilipo, nikaiambia plagini itenganishe kwa nukta-mkato, nikamnunulia dereva soda.

Depo ya Goma, ya bosi huyohuyo, ilishikwa na mume wangu. Tulioana kule, mimi nikatangulia Lubumbashi kwa sababu ya kazi. Yeye angefuata akipatikana mtu wa kuchukua nafasi yake. Kila jioni alifunga mlango, akahesabu bidhaa, akaziandika kwenye jedwali tulilolichangia kwenye mtandao. Asubuhi, kabla sijavua koti, nilifungua dirisha na kuangalia rangi. Maharagi yakiwa mekundu, nilijua jana wateja walimchosha na chakula amekula amesimama. Mafuta yakiwa kijani, nilijua lori limefika na mgongo unamuuma. Wanawake wengine waume zao huwauliza wamelalaje. Mimi nilisalimiwa kwa sabuni iliyopungua, na nilitosheka, au nilijidanganya kwamba nimetosheka. Nilimtamani mpaka harufu ya magunia ilikuwa inanisumbua, maana naye alinuka hivyo akirudi nyumbani.

Kisha Goma ikaanguka. Vita iliingia mjini, simu zikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa. Asubuhi nilifungua dirisha na plagini ikaniandikia kwa herufi ndogo pale chini: *Aucune modification*. Hakuna kilichobadilika. Kesho yake vilevile, na siku iliyofuata. Lubumbashi yenyewe iliendelea na mambo yake, makonda wakiita abiria, makanisa yakiimba, na mimi niliwachukia watu kwa kuchagua nyanya kwa utulivu namna ile. Mama Patron alikaa juu ya gunia la mchele, simu mapajani, akipokea watu wa kwetu waliokuja kuuliza habari ambazo naye hakuwa nazo.

Asubuhi moja jedwali lilikuwa jekundu kutoka juu hadi chini.

Mchele, sifuri. Mafuta, sifuri. Sabuni, magodoro, maharagi, sifuri. Nilimwita Mama Patron. Akavaa miwani, akainama, akaelewa mara moja.

"Banabeba byote," alisema, yaani waporaji wamebeba vyote.

Akakaa chini, sakafuni, yeye ambaye hakukaa kwenye kiti bila kukipangusa kwanza, akalia. Na mimi nililia pembeni yake, lakini yangu ilikuwa furaha. Bidhaa zilizoibwa haziendi kujiandikia sifuri. Kuna mtu aliyehesabu ghala tupu, akaandika, na neno la siri la jedwali lile kule Goma alikuwa nalo mtu mmoja tu. Nilikuwa nacheka na kulia mbele ya mama aliyepoteza mali ya maisha yake, na sikuweza kujizuia.

Akanishika mkono.

"Bwana yako iko muzima?"

"Iko, Mama."

"Basi Mungu asifiwe kwa iyo."

Baada ya siku chache mume wangu alipiga kwa simu ya kuazima, yake waliichukua, akasema jedwali aliliandikia parokiani, kwa mapadri wenye internet. Badala ya kumsalimia nilimfokea: "Unapata internet kwa mapadri, unafungua stock mbele ya kuniandikia mimi, bibi yako?"

"Stock iko na mwenyewe, ilibidi ajue," alisema polepole. "Na nilijua ni weye utaona wa kwanza."

Nikamwambia aje. Hakukuwa tena na kitu cha kulinda. Angevuka mpaka, angezungukia nchi jirani, watu walikuwa wanapita.

"Mama hawezi kutembea. Nitamuacha na nani?"

Mama yake ndiye aliyenisuka nywele siku ya harusi, akanifunika kitenge chake mwenyewe. Swali lake lilinikasirisha kuliko kama angenitukana.

Nilimuuliza Mama Patron kama nifute Goma kwenye jedwali. "Uache," alisema. "Siku moja tutafungua." Basi mume wangu akaendelea. Kila jioni alikwenda kwenye ghala lisilo na mlango, akafagia, akapita kwa mapadri, akaandika sifuri zake zote, mstari kwa mstari. Lakini sifuri ikiandikwa juu ya sifuri, plagini haioni kitu. Asubuhi ilinijibu maneno yaleyale iliyonijibu nilipodhani amekufa.

"Niliandika jana," alisema kwenye simu.

"Sikuona kitu. Hata siku moja sioni kitu. Uandike moja."

"Moja ya nini? Depo iko mutupu."

"Ya maharagi."

"Stock haidanganyi," alisema. Huyo ndiye mume wangu. Nilianza kumbembeleza, laini ikakatika.

Haikupita wiki, nikafungua dirisha bado nimevaa koti, na katikati ya sifuri zote zile kulikuwa na mstari mmoja wa kijani. Maharagi, gunia moja. Niliweka kiganja juu ya kioo, nikakiacha hapo. Sikumsikia Mama Patron akija nyuma yangu, na siku hizo alikuwa amekwisha kujifunza kusoma rangi.

"Kuko gunia moja Goma?"

"Iko, Mama," nikasema.

Nje wateja walikuwa wameanza kugonga.

"Basi iyo moja hatutaiuzisha," alisema, akaenda kuwafungulia.